Antena ya Saady

Yaliyompata rafiki yetu Saady, mchuuzi wa maharage wa Kasulu, hatuyasimulii mbele yake.

Siku mkewe Firdausi aliposhikwa na uchungu wa uzazi kule Busunzu, majirani walimkodia gari la kumwahisha hospitali Kibondo. Njiani alimpigia mumewe mara tisa. Saady alikuwa Kagerankanda akipakia magunia, mahali ambapo mtandao haushiki. Firdausi hakufika, wala mtoto.

Baada ya arobaini, Saady akafungisha antena ndefu ya kunasa mtandao wa simu juu ya pikapu yake.

"Hii itanasa hata katikati ya msitu, kaka," alisema fundi Obedi.

"Ingenasa siku ile," Saady akajibu.

Wiki hiyohiyo alikuwa akielekea Kibondo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na wingu lilitanda hadi msitu ukawa giza mchana. Akapiga namba ya mkewe, kama alivyozoea, ingawa ile laini aliivunja kwa mkono wake mwenyewe.

Ikaita. Ikapokelewa.

Alisikia gari likipanda mlima kwa gia nzito, na mwanamke akihema. Akadhani ni muungurumo wa pikapu yake unamrudia, akasimama pembeni, akazima injini.

Ndani ya simu, gari liliendelea kupanda.

"Kaka dereva, punguza mwendo," ikaja sauti ya Firdausi. "Pikapu ile iliyosimama ni ya mume wangu."

Saady akatazama kioo cha pembeni. Barabara ilikuwa tupu. Lakini maji ya madimbwi yalikuwa yakiruka kando, dimbwi baada ya dimbwi, yakimjia.