Mchumba Wangu Alisoma Utafiti Wangu Mbele ya Majaji

Nilisukuma mlango wa ukumbi, nikamkuta mchumba wangu amesimama mbele ya majaji, anasoma utafiti wangu.

Utafiti WANGU, jamani!

Ukurasa wa kwanza ulikuwa ukutani, mkubwa kama pazia. Kichwa changu kile kile. Picha zangu zile zile. Chini kabisa, jina: Glodi.

Hasira ikanipanda mpaka utosini.

Ngoja niwaeleze kwanza.

Naitwa Honorine, wa Kabondo, hapa Kisangani. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masters ya ujenzi. Somo langu ni ujenzi wa ushirikiano.

Ujenzi wetu wa kawaida mnaujua. Mchoraji anachora peke yake ofisini, fundi analetewa ramani iliyokwisha, wenye jengo wanakabidhiwa funguo pamoja na matatizo yote. Kwenye ushirikiano, wote wanakaa meza moja tangu siku ya kwanza, hata yule atakayefagia.

Miaka miwili nilifuatilia ujenzi wa banda la kuuzia samaki kule kwenye maporomoko ya mto. Kila Jumanne mkutano. Mvua, jua, malaria, mimi nipo na kalamu yangu!

Glodi, huyo mchumba wangu, tulisoma darasa moja. Kwao kuna sola, kwetu umeme ni hadithi, basi nikawa naandikia kwenye kompyuta yake. Kazi yake mwenyewe ilikuwa imekwama ukurasa wa kumi na mbili. Jumatatu nikamwachia ya kwangu aipigishe chapa, aipeleke sekretarieti kwa niaba yangu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nakipikia na pondu, mboga ya majani ya muhogo!

Yeye alipangiwa kutetea Jumatano, mimi Ijumaa. Jumatano asubuhi nakaanga ndizi za makemba, simu ikalia. Rafiki yangu Chimène, yeye huniita Nono.

"Nono, uko wapi?"

"Nyumbani. Nini?"

"Kuja sasa hivi! Glodi anasoma kazi yako mbele ya jury!"

"Unasema?!"

"Kuja, nakuambia!"

Nilizima moto, nikaruka kwenye pikipiki na ndala zangu za bafuni. Njiani nikapiga hesabu. Yeye akimaliza leo, Ijumaa mimi nitasimama na nini? Nitaonekana MIMI ndiye mwizi! Miaka miwili, shahada yangu, vyote vinaingia mtoni.

Ndipo nikasukuma ule mlango.

Na nyuma kabisa ya ukumbi nikamwona mama Colette, muuza samaki, mmoja wa wale waliokaa kwenye mikutano tangu mwanzo. Amevaa pagne, kitenge chake cha sikukuu. Kumbe Glodi alimdanganya kwamba siku yangu imesogezwa, akamleta ili majaji waone sura ya mwenye jengo. Maskini, alidhani amekuja kunisikiliza mimi.

Mwenyekiti wa majaji, Profesa Émilie, alikuwa anauliza.

"Monsieur Glodi, page ya arobaini. Plan ya kwanza iliweka hangar, ile banda, chini, karibu na maji. Mbele ya kuchimba fondation, mukaipandisha juu. Juu ya nini, sababu gani?"

Glodi akakohoa.

"Euh... ni calcul, ni hesabu, Professeur. Tulifanya calcul ya maji."

"Calcul gani? Tuonyeshe."

Akafunua kurasa mbele, akafunua nyuma.

"Bon. Hapa umeandika 'une participante locale', mshiriki mmoja wa kule, alitoa maoni. Ule ni nani?"

"Ni... mama moja, Professeur. Ba-mama ya kule."

Nikalipuka.

"MWIZI! Professeur, ile kazi ni yangu!"

Ukumbi mzima uligeuka. Glodi akawa wa rangi ya majivu.

"Honorine, tika, acha, tutazungumuza inje..."

"Inje wapi?! Ule mama ni mama Colette, anaikala pale! Ile Jumanne alitoka kwenye mukutano, akaenda kuweka beseni yake kwenye majani. Akasema maji ilifikaka hapa, siyo kule munachora. Architecte akacheka. Mama akasema: basi jenga, lakini sisi hatutaingia. Njo pale plan ikabadilika! Hakuna calcul!"

Nikatoa simu. Faili langu, nililokuwa najitumia kila wiki, lipo, na tarehe zote. Profesa akaitazama, akamtazama Glodi.

"Monsieur, ikala chini."

Akaketi! Wandugu, nilisikia utamu mpaka kwenye meno. Nikasema haki yangu hiyo, imerudi.

Halafu mama Colette akasimama.

"Professeur, pardon. Mimi niko na swali ya Honorine."

"Sema, mama."

"Ile 'participante locale'... njo mimi?"

"Ndiyo, mama," nikajibu haraka haraka, najivunia.

"Jina yangu unaijua. Mbona hukuandika?"

 

Nikaingia kwenye simu, nikatafuta: Colette. Hakuna. Nikatafuta fundi wetu mkuu. Hakuna! Kurasa mia na kumi za ushirikiano, na kila mahali "mtafiti aliamua", "mtafiti aligundua". Nikatafuta Glodi... nilimpa ukurasa mzima wa shukrani. Kwa sababu ya sola!

"Miaka mbili tulikupatia kiti," mama Colette akasema. "Huyu kijana alifuta jina yako, unalia. Wewe ulifuta yetu. Sasa ni nani atalia?"

Akafunga vizuri pagne yake, akatoka. Hakupaza hata sauti. Afadhali angenipiga.

Glodi alipelekwa baraza la nidhamu. Mimi Profesa Émilie alinipa miezi mitatu.

"Rudia kule. Hii wakati, andika na bo, na wale watu, siyo juu ya bo."

Siku ya kwanza mama Colette hakuniitikia salamu. Siku ya pili pia. Ya tatu akanisogezea samaki, nikapara magamba mpaka vidole vikachubuka. Ndipo akasema:

"Soma."

Nikamsomea ukurasa wa arobaini, upya, jina lake limesimama wazi wazi. Nilidhani atatabasamu.

"Pale umekosea."

"Wapi, mama?"

"Wa kwanza kusema juu ya ile maji haikukuwa mimi. Ni Augustine, ule anauzishaka makaa. Alikuwa na haya ya kusema mbele ya ba-ingénieur. Mimi nilibeba tu beseni. Andika yeye mbele yangu."

Nikainama juu ya daftari nikalia, hasira yote ikageukia kwangu. Miaka miwili nakaa na Augustine benchi moja, na sikuwahi kumsikia.

Glodi sijamsamehe, na msiniambie nimsamehe. Nikimwona ng'ambo ya barabara bado damu inachemka.

Lakini wewe uliyekwisha kuandika kwenye maoni "pole dada, wanaume ndivyo walivyo"... pole nimepokea. Sasa fungua ripoti yako, utafiti wako, mradi wako. Tafuta yule uliyemwita "mshiriki mmoja".

Ana jina. Nenda kamuulize, na umuulize pia ni nani alikuwa karibu naye.