Gundi ya Kisasi

Filimbi ililia mara tatu, milio mifupi na mikali, na sindano ikamdunga fundi viatu kidoleni.

Soko la viatu lilikuwa limefurika. Wachuuzi wanaita, redio zinashindana, wateja wanakanyagana. Lakini mlio ule ulipenya katikati ya vurugu yote ukamfikia kwenye kibanda chake. Mara tatu ilikuwa alama yao, ya watu wawili tu. Akainua macho. Mbele ya meza ya vifaa vya wakimbiaji, mwanamume mrefu mwenye jaketi jekundu alikuwa akijaribu filimbi mpya, kichwa kakiinamisha upande kama zamani.

Sokoni dada huyo fundi viatu walimwita Sindano, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake. Mwanamume yule alikuwa fundi lifti wa maghorofa, na aliwahi kuwa mpenzi wake, mpaka siku alipomwacha milimani ndani ya ukungu, kifundo cha mguu kimeteguka, akipuliza filimbi hadi midomo ikapasuka. Hivyo ndivyo Sindano alivyoamini, na imani hiyo aliilisha kila siku kama mtu anayefuga mbwa mkali.

"Fundi lifti," akaita kwa sauti laini. "Filimbi ya nini? Ukipotea nani atakufuata?"

Mwanamume akageuka. Uso ulimsawajika, kisha ukajaa tabasamu lenye meno mengi mno.

"Sindano! Bado unachoma?"

"Nachoma viatu siku hizi. Watu nimemwachia Mungu."

"Mungu ana kazi."

"Hujanijibu."

"Nataka kuimaliza ile safari. Siku sita, mbio tupu, kilele kwa kilele, mpaka ziwani upande wa pili. Mwenzangu mwenye mapafu ndiye sijampata."

"Mapafu ninayo."

"Wewe? Na mimi?"

"Kwa nini nisiende, laazizi? Ya zamani nimeshayafagia."

Alidanganya. Aliyasukumia chini ya mkeka tu.

Wakaanza kupanga. Kila jioni baada ya kazi, fundi lifti alifika kibandani akinukia grisi, wakatandaza ramani mezani, nyundo kona hii na chupa ya gundi kona ile. Yeye alichukua jukumu la mizigo ya akiba: mifuko ya chakula na nguo za joto ambayo wapagazi wangeitanguliza kwenye vibanda vya mawe, ili wao wakimbie wepesi. Sindano alichukua jukumu la viatu. Simu nazo hazikunyamaza.

"Umelala, kipenzi?"

"Nitalalaje na wewe unapiga kila dakika kama mtoto mwenye njaa?"

"Njaa ninayo kweli."

"Kula ramani."

Sindano akikata simu, kicheko chake kilikatika nayo. Shangazi yake, aliyemlea, alimwuliza siku moja, "Ni yule yule?"

"Yule yule, shangazi."

"Na utakwenda naye?"

"Nitakwenda naye. Kurudi naye sikusema."

Kisasi chake kilikuwa ndani ya viatu. Alimtengenezea fundi lifti soli mpya, nzuri, zenye meno ya kung'ata mwamba. Ila kwa mbele alipaka gundi nyembamba na hakupitisha uzi. Kwenye lami zingedumu. Kwenye mawe mabichi ya juu, soli ingefunguka kama mdomo wa kiboko, naye angebaki pale, mguu wazi, akisikiliza hatua za Sindano zikitokomea. Viatu aliving'arisha mwenyewe.

Siku ya kuvijaribu, fundi lifti aliketi kwenye kigoda.

"Vua soksi," Sindano alisema. "Mguu huvimba safarini. Nikupime upya."

"Pima na soksi."

"Mimi ni fundi, si mama mkwe wako. Vua!"

Alivua taratibu, uso kageuzia ukutani. Mguu wa kushoto ulikuwa umekatika vidole viwili vya mwisho. Kovu liling'aa kama nta.

"Nini hiki?"

"Baridi."

"Baridi ya wapi?"

"Usinitanie, Sindano! Nilitangulia kukagua njia tu; ulipuliza filimbi, nikarudi. Tulikubaliana juu ya meza hii hii: anayepotea hasogei, mwenzake ndiye anayemfuata. Nikafika kwenye lile jiwe jeusi nilipokuacha. Hupo! Nikakaa, nikajua utarudi pale. Nikakaa mpaka kukapambazuka. Wapagazi walinishusha mgongoni. Kuja kuuliza, wewe uko mjini unatangaza kwamba nilikukimbia!"

"Nilisogea kwa sababu ulinijibu!" Sindano alisimama, kigoda chake kikaanguka. "Mara tatu, kutoka bondeni. Kila nikipuliza, unajibu. Nikateremka nikikufuata kwa makalio, huku nalia!"

"Nijibu na nini? Filimbi yangu ilidondoka mtoni siku ya kwanza."

"Hukuniambia."

"Ningekwambiaje? Ningeonekana mzembe. Niliita kwa mdomo mpaka sauti ikakauka."

Wakatazamana.

"Basi nani alinijibu?" Sindano aliuliza, ingawa tayari alijua. Alikuwa amekimbiza mwangwi wa filimbi yake mwenyewe.

"Mlima," alisema fundi lifti.

Nje, mchuuzi alikuwa akisifia raba. Sindano aliketi chini, palepale sakafuni.

"Kwa nini hukunitafuta?"

"Nilipiga simu. Shangazi yako akapokea, akasema hana nafasi ya mwanamume anayejua kukimbia kuliko kupenda. Nami kichwa changu ni kigumu. Nikasema, haya, iko siku."

"Iko siku ya nini?"

Alikuna kovu. "Mzigo wako wa akiba, kibanda cha tatu. Sijawapa wapagazi. Nilitaka ufungue mlango ukute kuta tupu. Baridi ikufundishe."

Sindano alichukua kiatu kipya, akaishika soli kwa mbele, akavuta. Ikafunguka yote, prrr!

Fundi lifti alitoa macho. "Ungeniua!"

"Na wewe ungenigandisha!"

"Tumefanana, mahabubu."

"Usiniite mahabubu, bado nina hasira."

Na kweli alikuwa nayo. Ilimjaa mikononi, na hapakuwa tena na mtu wa kupigwa nayo. Alitazama ramani, ile mistari ya vilele iliyojikunja kama watu wanaocheka.

"Mlima huu ndio uliotudanganya," alisema akiidunga ramani kwa sindano. "Kisasi siachi. Tunaupanda, tunaukanyaga kichwa chote, na tukifika ziwani unanioa."

"Unanichumbia?"

"Nakuamuru. Lete mguu."

Akauweka mguu ule mapajani, akatunga uzi mnene uliopakwa nta, wa kuishona upya ile soli. Simu ikalia. Shangazi.

"Huyo mkimbiaji yuko hapo?"

"Yupo, shangazi. Hana soksi." Akavuta uzi. "Alirudi kunifuata, shangazi. Mimi ndiye sikuwepo."

Kisha sauti ya shangazi ikaja chini kidogo kuliko kawaida. "Na mnakwenda tena huko?"

"Tunakwenda. Nami nakuahidi, safari hii nikipuliza sisogei, hata mlima uniite kwa jina. Na huyu nitakuletea mzima, na vidole vyake vinane vyote."