Keki Iliyocheka

Jina lake la shuleni lilikuwa refu, na nyumbani hakuna aliyekuwa na muda nalo. Wote walimwita Chapuchapu. Alikula chapuchapu, alifua chapuchapu, na maswali ya hesabu aliyamaliza kabla wenzake hawajachonga penseli, ingawa majibu yake, tuseme ukweli, hayakuwa sahihi kila mara. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na vidole vyepesi kama ulimi wake.

Baba yake alikuwa mwokaji wa keki. Alifanyia kazi zake katika chumba cha nyuma, chenye oveni pembeni, meza ndefu iliyotandikwa nailoni, ndoo ya unga na rafu ya vichupa vya rangi. Kila jioni Chapuchapu alivaa aproni iliyomfika kwenye vifundo vya miguu, akaanza kazi yake maalumu. Kazi yenyewe ilikuwa kusoma simu. Mikono ya baba ilijaa unga mpaka kwenye viwiko, na simu inayoshikwa kwa mikono ya namna hiyo haiishi sana. Kwa hiyo simu iliegemezwa kwenye kopo la sukari, na kila ujumbe ulipoingia, Chapuchapu aliusoma kwa sauti. Alisoma maneno, kisha alisoma na emoji, vile vipicha vidogo vya sura na mioyo ambavyo wateja hupenda kuvimwaga mwishoni.

“‘Naomba keki ya harusi ya dada yangu,’” alisoma Ijumaa moja. “Halafu moyo, moyo, ua, moyo.”

“Anayeolewa ni dada yake au ni yeye?” baba aliuliza huku akikoroga krimu. Chapuchapu alicheka mpaka akapiga chafya kwa unga.

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja: anachoandika mteja ndicho kinachoandikwa kwenye keki, hakipunguzwi wala hakiongezwi. Sheria ilizaliwa siku ambayo baba alipokea maneno “Hongera Babu,” akadhani mteja amekosea, akaandika “Hongera Baba.” Kumbe aliyepongezwa alikuwa mtoto wa darasa la kwanza, na Babu lilikuwa jina lake la utani! Tangu hapo baba hakusahihisha cha mtu.

Simu ikalia tena. Safari hii alikuwa dereva wa basi la shule, basi lile lile alilopanda Chapuchapu kila asubuhi.

“‘Keki ya kesho ya kumuaga Matroni,’” Chapuchapu alisoma. “‘Iandikwe: Kwaheri Matroni, bila wewe basi litakuwa kimya. Na hiyo sura hapo mwisho mwichore pia.’”

Alipofika mwisho akatulia. Ile sura ilikuwa ya njano. Macho yake yamefumba, mdomo umeachama, meno yote nje, na machozi yanamtoka pande mbili. Kila mtoto wa shule aliijua. Ni sura ya mtu aliyecheka hadi akatokwa na machozi.

Lakini dereva yule hakuwa mtu wa kucheka. Watoto walisema hata ukimtekenya anakuuliza umefunga mkanda. Na Matroni, mama aliyewapandisha na kuwashusha watoto kwa miaka mingi, alikuwa anaacha kazi ili akamuuguze mama yake mzazi. Hapo pana kichekesho gani? Jambo hilo lilimjia Chapuchapu kichwani, na alilisikia vizuri kabisa.

“Sura gani hiyo?” baba aliuliza. “Analia?”

Chapuchapu alitazama kile kichupa cha rangi ya njano, ambacho kilikuwa hakijafunguliwa. Wateja wengine walitaka maua tu na mioyo, naye alikuwa amechoka kuchora mioyo. Akisema ukweli wote, baba atataka kumpigia dereva, na pengine sura itafutwa.

“Ana machozi, Baba,” akajibu.

Hakusema uongo. Alichukua ukweli akaukata katikati, nusu akampa baba, nusu akabaki nayo.

“Sawa,” alisema baba, ambaye kwenye simu yake hakuwahi kutuma hata moyo mmoja. “Vipicha ni kazi yako. Mimi naandika maneno, halafu nikapumzishe mgongo.”

Chapuchapu aliichora ile sura kubwa kama kisosi, akaifunga keki kwenye boksi, akaenda zake kulala akiwa ameridhika. Roho ilimsuta kidogo tu, akaigeuzia mgongo.

Kesho yake, kabla ya saa sita, dereva alifika akiwa amevaa shati lililonyooshwa likanyooka.

“Shikamoo, Mzee,” alisema Chapuchapu.

“Marahaba, mwanangu. Haya, tuione hiyo keki.”

Baba alifungua boksi. Dereva aliinama, akarudi nyuma hatua moja, akatazama tena. Uso wake ukamshuka.

“Mbona huyu anacheka?”

“Anacheka?” Baba naye alisogea, akaona meno. “Kaka, hapa tunaweka kile ulichotuma.”

Dereva alitoa simu yake, akaunyoosha mkono wote mbele kama mtu anayemzuia mbwa. “Mimi nimetuma mtu anayelia. Barabarani naona mpaka kokoto, ila kitu kilicho karibu na pua ni ukungu mtupu. Lakini machozi si haya hapa? Nimeyaona! Nikasema, huyu ndiye mimi, maana Matroni akiondoka nitalia kweli, nimekaa naye kwenye basi muda mrefu kuliko nilivyokaa na ndugu zangu.” Akaishusha simu polepole. “Ngoja kwanza. Hii sura ni ya kicheko?”

“Ndiyo, Mzee,” alisema Chapuchapu kwa sauti ndogo.

“Mungu wangu! Makanika wetu alipofiwa na baba yake, nilimtumia pole, nikamwekea sura hizi mstari mzima. Ndiyo maana hanisalimii tangu siku ile! Nikaona labda ni huzuni.”

Hakuna aliyecheka. Chapuchapu alihisi masikio yakimwaka moto. Alikumbuka asubuhi aliyopata homa ndani ya basi. Matroni alimshikia mfuko akitapika, kisha akamfunika kwa mtandio wake mwenyewe mpaka nyumbani, na kesho yake wala hakuuliza habari za mtandio. Leo mama huyo angesimama mbele ya watu, akasoma “bila wewe basi litakuwa kimya,” na chini yake akaona uso unaomcheka, uliochorwa na mkono wa mtoto yule yule aliyefunikwa na mtandio wake.

“Baba,” alisema, “mimi nilijua.”

“Ulijua nini?”

“Nilijua inacheka. Na nilijua Mzee hawezi kutuma kicheko. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuichora.” Machozi yakamtoka, na hayo hayakuwa ya kicheko.

Baba hakufoka. Alimtazama kwa muda, na mtazamo ule ulimuuma Chapuchapu kuliko kelele. Kisha alichukua kisu butu cha krimu na mfuko wa kupambia, akamwekea mezani.

“Wewe ndiye uliyemchekesha,” alisema. “Mlize.”

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Chapuchapu alifanya kazi polepole. Alikwangua meno moja moja, akaziba mdomo kwa krimu ya njano, akachora mwingine ulioinama pembe zake. Akayageuza macho, akaongeza nyusi za huzuni. Machozi aliyaacha. Shida ilikuwa shavu la kushoto, ambapo krimu ilizidi na kutuna. Kila alipolisawazisha lilizidi kuvimba.

“Acha hapo hapo,” alisema baba. “Ukiendelea kulikwangua tutafika kwenye keki yenyewe. Sasa nenda na Mzee, ushike boksi, njia ina mashimo.”

“Naomba nimwambie Matroni mwenyewe.”

“Ndivyo ninavyotaka.”

Katika ukumbi wa shule, wafanyakazi walikuwa wamepanga viti duara. Matroni alikaa katikati amejipamba, na makanika alikaa mbali na dereva, mikono ameikunja kifuani. Boksi lilipofunguliwa, Matroni alisoma maneno kwa sauti, akaweka kiganja kifuani.

“Jamani! Huyu anayelia ni nani? Na mbona amevimba shavu, ana jino bovu?”

Watu wakaangua kicheko. Chapuchapu alisogea mbele. Aliusema ukweli wote safari hii, bila kuukata: ujumbe, rangi ya njano, ukimya wake, na shavu lililokataa kusawazishwa. Alipomaliza aliinamisha kichwa.

“Nisamehe, Matroni. Hukustahili kuchekwa nami.”

Matroni alimvuta karibu, akamfuta krimu iliyokuwa imekauka kwenye kidevu. “Umekuja kuniambia mwenyewe, tena mbele za watu wazima wote hawa. Nimekusamehe, mwanangu. Ila kipande chenye shavu nakula mimi, maana ndicho ulichokihangaikia zaidi.”

Hapo dereva alisimama. Alikohoa, akavuta shati, akamgeukia makanika.

“Ndugu yangu, na mimi nina la kusema. Ulipofiwa na mzee, nilikutumia kicheko nikidhani ni kilio. Sikujua mpaka leo. Pole sana. Nakupa pole upya, kwa mdomo wangu.”

Makanika alikunjua mikono.

“Mimi nililala na simu ile mkononi,” alisema. “Nikajiuliza, nimemkosea nini huyu? Kila asubuhi nilikuwa naangalia breki za basi lako kwa makini kama kawaida, ila salamu ilikataa kutoka. Kumbe ningekuuliza siku ile ile, yangekwisha.” Aliinuka, akavuka ukumbi, akampa dereva mkono. Dereva akaushika kwa mikono miwili, na mtu ambaye hata ukimtekenya hacheki akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Matroni alimtazama, akaitazama keki, akasema, “Sasa na huyu tutamchora vipi?”

Jioni Chapuchapu aliyasimulia yote huku akisuuza mabakuli. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

“Hapa na mimi nina langu,” alisema. “Sheria yangu ya kuandika anachotuma mteja ilikuwa nusu sheria. Kuanzia leo, tukiona jambo halieleweki, tunauliza kwanza. Vile vipicha vina raha yake, lakini havina sauti. Mtu akikwambia jambo usoni, unamsikia na kumwona. Kwenye simu kila mmoja anasoma kwa macho yake. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Na ukijua jambo ukalificha nusu, mtu anayekuamini ndiye anayeumia. Mimi nilikuamini, nikaenda kulala.”

“Nimeelewa, Baba. Sitarudia.”

Simu ikalia kwenye kopo la sukari. Chapuchapu alijifuta mikono, akasogea.

“Ni dereva. Hajaandika neno. Ametuma viganja viwili vimeunganishwa.”

“Maana yake nini?”

Jibu lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi: anashukuru, nani asiyejua? Chapuchapu alifungua mdomo, kisha akaufunga.

“Sijui, Baba,” alisema. “Ngoja nimuulize.”

Alibonyeza namba, akaweka sauti ya nje. Dereva aliitikia kwa furaha. Alisema kwanza anashukuru, na pia anaomba, kama hawatachoka, wamwokee keki nyingine ndogo ya kumpelekea makanika nyumbani.

“Tuandike nini, Mzee?” Chapuchapu aliuliza.

“Andikeni: Pole, ndugu yangu. Hayo tu. Sura msiweke, nitaipeleka yangu mwenyewe.”