Daftari la Bibi Winifrida

Kila asubuhi kabla ya shule, Niyonsaba alipanga vitu vitatu kwenye mkeka: ungo, kibuyu na jembe. Bibi yake, Winifrida, alivitazama, kisha vikafunikwa kwa kitenge. Bibi alipomaliza kupukuchua maharage, Niyonsaba alimwuliza ni vitu gani vilivyofunikwa, akaandika katika daftari idadi ya alivyovikumbuka.

Daftari lilitoka kwa muuguzi Mwanaamina. Daktari mmoja wa Kasulu alikuwa akijaribu vidonge vya kurudisha kumbukumbu kwa wazee kumi na wawili wa Busunzu, Bibi akiwamo.

Siku ya kwanza Bibi alisema, "Ungo." Akamtazama mjukuu wake. "Kwani wewe ni mtoto wa nani?"

Niyonsaba aliona aibu. Bibi aliyezalisha nusu ya wanawake wa kijiji aandikiwe moja, wageni wasome? Akaandika tatu. Kesho yake Bibi hakukumbuka chochote. Akaandika tatu tena.

Baada ya mwezi Mwanaamina alifungua daftari.

"Tatu, tatu, tatu! Mashaallah! Bibi huyu atatushinda sote."

"Basi amepona," alisema mama yake Niyonsaba, Epifania. "Kesho naweza kwenda kupalilia shamba la kijiji."

Tangu walipohamishiwa kijiji kipya mwaka 1974, Bibi hakuachwa peke yake, maana alikuwa akitoroka kurudi kwenye mahame yao bondeni. Niyonsaba alitaka kusema ukweli. Akachukua ndoo, akaenda kuchota maji.

Kesho yake jioni mkeka wa Bibi ulikuwa mtupu.

Walimpata siku ya pili, ameketi kwenye mafiga ya zamani, amelowa mvua, mguu umevunjika. Alikuwa akiwaita wanawe wale kula. Wawili kati yao walikwisha kufa.

Mwanaamina alikuja kuufunga ule mguu. "Pole, Mama Niyonsaba," alisema. "Mguu huu hautatembea tena. Lakini daftari linaonyesha dawa imemfaa. Kesho madaftari yanakwenda Kasulu."

"Yasiende!" Niyonsaba alilia. "Zile tatu niliziandika mimi. Bibi hakuzisema."

Epifania aliinua mkono ampige, kisha ukaanguka wenyewe.

Mwanaamina alilichukua daftari. Akatoa kalamu, akazipiga mstari kurasa zote, moja baada ya moja.

"Kwa nini, mwanangu?" aliuliza.

"Sikutaka mtu amcheke."

"Hakuna ambaye angemcheka. Kuna wazee wengine kumi na mmoja hapa. Jamaa zao nao, wakisikia dawa imemponya Bibi, wangeamini wazee wao wamepona, wakaacha kuwalinda. Anza upya."

Asubuhi Niyonsaba alipanga ungo, kibuyu na jembe kando ya kitanda. Alipouliza, Bibi alitabasamu tu. Niyonsaba akaandika sifuri.

Mwanaamina alipokuja kuutazama mguu, aliisoma, akamrudishia daftari.

"Sifuri hii ni ya kweli," alisema. "Itamlinda bibi yako kuliko zile tatu zote. Ugonjwa ukifichwa kwa heshima, mwanangu, unaumiza vilevile."