Nukta Katika Mwezi

Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa kumi na nusu alasiri. Kabla ya saa hiyo, nyumba yetu hapa Garissa ilikuwa nyumba kama nyingine.

Stima ilikuwa imepotea tangu jana yake. Iliporudi alfajiri ilirudi na nguvu kupita kiasi, ikaunguza adapta ya mashine ya kurekodi ya mwanangu Hamse. Ni yeye peke yake niliyejaliwa. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Chumba cha uani alikitundikia magodoro ukutani, akawa anarekodi wazee wakihesabu abtirsi, yaani majina ya baba zao. Mtu huanza na jina lake, akataja baba, kisha babu, akapanda hivyo mpaka kwa yule wa mwanzo kabisa.

Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na sauti ya marehemu mume wangu, Dagane. Alihesabu majina ishirini na moja miezi michache kabla ya kututoka. Kila Ijumaa Hamse alinifungulia nikasikiliza.

Asubuhi ile alikuwa na mtihani chuoni, nami nilikuwa naenda sokoni.

"Hooyo, usije ukaniletea chaja ya simu," akanitania mimi mama yake.

"Chaja naijua na adapta naijua. Wewe niandikie tu."

Akaandika kwenye karatasi. Volti tisa, isizidi. Miliampea mia tano au zaidi. Kisha akanichorea alama ndogo, duara lililo wazi upande mmoja, kama mwezi mwandamo, na nukta katikati.

"Hii ndiyo kubwa," akasema. "Nukta iungane na alama ya kutoa. Ikiungana na ya kujumlisha, iache, hata kama inaingia vizuri. Itageuza mambo."

Nikamwambia nimesikia.

Pale sokoni Salah huuza adapta zilizotumika, amezimwaga juu ya turubai kama nyoka waliokufa. "Chagua, eeddo. Zote zina afya kuliko mimi," akasema, akiniita shangazi kama kawaida yake. Nilitafuta kwa subira. Nikapata moja ya volti tisa, miliampea elfu moja. Wakati huohuo adhana ya adhuhuri ikaanza. Nikaigeuza haraka, nikauona mwezi na nukta yake, kama mwezi ulio juu ya mnara wa msikiti wetu. Moyo ukatulia.

"Alama umeiangalia, eeddo?"

"Nimeuona mwezi," nikajibu.

Nukta iliungana na nini, sikuangalia. Ninaandika haya ili mwingine aangalie.

Hamse alirudi, akaswali alasiri, akaichomeka. Hakuikagua. Aliyenunua ni mama yake. Salah aliniambia baadaye kwamba ikiwa kinyume, mashine huungua au haiwaki kabisa. Hii iliwaka. Taa yake, ambayo siku zote ilikuwa ya kijani, ilikuwa nyekundu.

"Tuijaribu kwa sauti ya aabo," Hamse akasema, akabonyeza.

Sauti ya Dagane ikatoka safi kuliko nilivyowahi kuisikia. Lakini haikuanza na jina lake. Ilianza na jina la yule babu wa mwanzo, la mwisho katika hesabu. Kisha la mwanawe. Kisha la mjukuu. Maneno hayakuwa yamepinduliwa. Yalisikika vizuri, moja moja, na kati ya jina na jina kulikuwa na hatua. Hatua za mtu anayeshuka.

Hamse alitabasamu kidogo. "Ajabu," akasema.

Mimi nilihesabu kwa vidole. Kumi. Kumi na tano. Sauti ilikuwa inakuja upande wetu.

"Zima," nikamwambia.

Akabonyeza. Haikuzima.

"Alio," ikasema. "Bulle."

Nikaushika waya, nikaung'oa ukutani. Ulikuwa mkononi mwangu. Taa nyekundu ilibaki palepale.

"Nunow." Huyo ni baba mkwe wangu.

"Dagane."

Pale ndipo majina yalipokwisha. Hakuna jingine lililorekodiwa. Nilianza kusoma Ayatul Kursi. Nilitaka kulitia jina langu mbele, lichukuliwe langu badala ya la mwanangu. Lakini mimi ni mwanamke niliyeolewa katika ukoo ule. Katika abtirsi yao jina langu halimo.

Hatua moja zaidi ikasikika. Karibu. Ndani ya chumba.

"Hamse."

Haikuwa sauti ya kuhesabu. Ilikuwa ya kuita. Ndivyo Dagane alivyomwita akitaka maji ya kutawadha.

"Usiitike," nikanong'ona. "Mwanangu, usiitike."

Lakini mimi ndiye niliyemlea. Tangu anatambaa nilimfundisha kwamba baba haiti mara mbili.

"Naam, aabo," akasema.

Taa ikazima. Hamse alikaa chini taratibu, akaegemea magodoro, macho yakielekea mlangoni. Nilimtikisa. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Hospitalini waliniambia ni moyo. Tulimzika Jumatano kabla ya adhuhuri.

Siku ya saba Salah alikuja kutoa pole. Aliikagua adapta, akainamisha kichwa. Nukta ilikuwa imeungana na kujumlisha. Alileta nyingine, akanionyesha alama mara tatu, akaichomeka. Taa ikawaka kijani. Tukafungua rekodi ya Dagane.

Mpangilio ulikuwa umerudi. Dagane, Nunow, Bulle, Alio, ikapanda mpaka juu. Lakini kabla ya jina la kwanza, katika rekodi ya miaka miwili iliyopita, kulikuwa na sauti ya kijana, ya mbali kidogo, yenye adabu.

"Naam, aabo."

Salah alitoka bila kuvaa viatu vyake.

Ewe Mola, mrehemu Hamse, mwana wa Dagane, mwana wa Nunow, mwana wa Bulle. Lipanue kaburi lake na ulitie nuru. Na siku atakapoitwa tena, anayemwita awe ni Wewe peke yako. Amin.