Mimba za Kiangazi

Kofuli lilikuwa zima. Hilo ndilo jambo la kwanza Inspekta Hadiya Ahmednur aliloliona, na lilimkera.

Alichuchumaa mbele ya mlango wa maabara ndogo ya utafiti, nje kidogo ya mji wa Mbita, akachunguza tundu la ufunguo. Hapakuwa na mkwaruzo. Bawaba hazikuguswa. Nondo za dirisha zilikuwa kamili.

"Kimeibwa nini?"

"Mikia," alijibu Konstebo Osoro.

"Rudia."

"Mikia ya panya, Afande. Ncha tu. Tisini na nne." Osoro aliuma mdomo asicheke. "Mshukiwa tayari tunaye. Mlinzi, Matiko. Ndiye mwenye ufunguo wa pili. Kesho Jumatatu anafikishwa kortini."

"Na amesema mikia ni ya nini? Mchuzi?"

"Hajasema kitu."

Ndani, Daktari Benta alikuwa ameketi kwenye stuli, mikono imelegea mapajani. Alikuwa amechunguza panya wa porini kwa miaka kumi na moja. Yeye ndiye aliyegundua wizi asubuhi hiyo alipofungua mlango.

Hadiya hakuzungumza naye mara moja. Alizunguka chumba. Betri ya sola ipo. Kompyuta ipo. Darubini ipo. Dumu la spiriti limejaa hadi shingoni, na mlevi asingeliacha. Kwenye rafu kulikuwa na masanduku mawili ya barafu yenye maandishi ya kalamu nyeusi: NDHIWA, RONGO. Kati yake palikuwa na nafasi tupu.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Rusinga," alisema Benta.

"Kwa hiyo mwizi alisoma, akachagua."

Daktari aliinua uso. Hakuwa amelifikiria hilo.

"Nieleze kama mtoto wa shule," Hadiya alisema, akivuta kiti. "Ncha ya mkia wa panya ina faida gani?"

"Tunamtega panya kwa mtego wa bati, akiwa mzima. Tunampima, tunakata ncha ya mkia, tunaitia kwenye kichupa cha spiriti, halafu tunamwachia aende. Ndani ya ile nyama kuna vinasaba. Vinasaba ni ukoo wake ulioandikwa." Sauti ya Benta ilianza kupata nguvu. "Rusinga ni kisiwa. Panya wa huko wametengwa na wenzao wa bara kwa maji, vizazi na vizazi. Nataka kujua kama wamekuwa watu wengine."

"Watu?"

"Samahani. Panya wengine. Vichupa vilikuwa vinaenda Nairobi kesho. Vingetoa jibu."

"Nani alitega Rusinga?"

"Levis, msaidizi wangu. Kijana wa huko huko. Shamba tulilotega ni la nyumbani kwao. Nililichagua ili tusihangaike na ruhusa."

Hadiya aliandika neno moja katika daftari lake: *kesho*.

Matiko alikuwa ameketi sakafuni mwa seli, mgongo umenyooka. Mkuria wa karibu na mpaka wa Tanzania, miaka hamsini hivi, shati jeupe la kanisani bado mwilini.

"Jana mchana, maabara ikiwa haina mtu, ulikuwa wapi, mzee wangu?"

"Kanisani. Mimi ni Msabato."

"Na ufunguo?"

"Nilikuwa nao."

"Ndani ya kanisa?"

Matiko alitazama ukuta.

"Mimi ni Mwislamu," Hadiya alisema, "lakini nimekulia Migori. Baba yangu anauza vitambaa pale mjini. Jirani yetu alikuwa Msabato. Jumamosi hata kitasa cha duka lake hakukigusa. Leo unataka niamini uliimba tenzi na ufunguo wa kazi mfukoni?"

"Siku ya Sabato sibebi kitu cha kazi. Ufunguo nautundika kwa msumari, chini ya paa la banda la kuku."

"Mbona hukusema?"

"Nikisema, nimekiri uzembe. Kazi imeenda. Nina watoto wanne shuleni."

"Na usingesema ungeenda jela."

"Nilidhani Mungu atasema badala yangu."

"Amenituma mimi, na mimi nina maswali. Nani mwingine anaujua huo msumari?"

"Levis. Lakini Levis ni kama mwanangu. Tunakula sahani moja."

Levis alikuwa na miaka ishirini na tisa na vidole vilivyojaa makovu madogo ya meno ya panya. Alihojiwa chini ya kivuli cha paa la kituo. Kabla hajaulizwa lolote alisema, "Matiko hakuiba."

"Nani aliiba?"

"Sijui. Lakini si yeye."

"Kila mtu hapa ananiambia ni Matiko. Wewe peke yako una hakika, na ndiye usiyejua kitu. Jana mchana?"

"Nilikuwa sokoni. Nilizunguka tu."

"Ulinunua nini?"

"Sikununua."

"Mtu anazunguka soko la Mbita mchana mzima na hata nyanya moja hanunui?"

Hadiya angeweza kumkamata Levis hapo hapo. Hakufanya hivyo. Alijua mkono ulioiba. Hakujua kwa nini, na kesi isiyo na sababu ni kama shairi lisilo na kina: inasomeka, haisimami.

Alirudi kwa Benta. "Nionyeshe daftari la Rusinga."

Daktari alilifungua kwa fahari, kama mtu anayeonyesha picha ya harusi. Mwandiko wa Levis ulikuwa safi: tarehe, uzito, urefu wa sikio, jinsia, hali.

"Tazama hapa," alisema Benta. "Februari. Majike hamsini na mmoja, thelathini na wanane wana mimba. Katikati ya kiangazi. Panya shamba huzaa baada ya mvua, nyasi zikishatoa mbegu. Hawa wa kisiwani wanazaa wakati wa njaa. Unaelewa maana yake? Huenda kisiwa kimewabadilisha hadi tumboni. Nilimwambia Levis, hii ndiyo itakayotutoa."

"Yeye alisema nini?"

"Alinyamaza. Si mtu wa maneno."

Hadiya alipitisha kidole kwenye safu ya mimba. Mimba, mimba, mimba.

"Daktari, dukani kwetu kulikuwa na panya. Baba alijaribu sumu, akajaribu paka. Mimi nilikuwa nawahesabu. Jirani alipoleta magunia ya mahindi, walizaa hadi ndani ya marobota ya kanga. Magunia yakiisha, hakuna mtoto hata mmoja. Sasa nataka kujua kitu kimoja. Hawa wa Rusinga walikula nini?"

Benta alirudi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

"Februari hii ulifika huko mwenyewe?"

"Hapana. Nilikuwa Rongo, nafundisha."

"Mwezi huo, panya wa wapi wangekuwa wameshiba?"

Jibu lilitoka polepole, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe. "Ndhiwa. Kwenye miwa. Chini ya miwa hapakauki."

Walivuka daraja la Mbita saa nane mchana, Osoro akiendesha. Upande wa pili ardhi ilikuwa mawe na vumbi, na mabua ya mtama yalikuwa yamesimama makavu. Benta alishuka kwenye shamba la akina Levis, akapiga magoti, akafukua mashimo ya panya kwa kijiti. Mengi yalikuwa yamezibwa na utando wa buibui.

"Hapa hakuna panya tisini na wanne," alisema. "Hapa hakuna hata kumi."

Mama mmoja aliyekuwa akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juani aliwasogelea. "Mnatafuta nini kwa shamba langu, nyithinda?"

Hadiya aliijua Dholuo ya sokoni, ya kutosha kuelewa kwamba wameitwa wanangu. "Panya, mama. Februari kuna mtu alikuja kuwatega?"

"Nani atege? Wako humo nyumbani wote, wananimalizia omena." Kisha akaona nembo kwenye shati la Benta, na mikono yake ikatulia. "Hiyo ni kazi ya mwanangu. Mnatoka kwa Levis?"

"Tunatoka kwake."

"Yuko hai?"

Benta alishtuka. "Mama, si alikuwa hapa Desemba? Nilimpa likizo ya wiki nzima aje kumzika baba yake."

Mama alitazama kaburi lililokuwa karibu na nyumba, saruji yake bado mpya. "Tulimngoja siku nne. Ndugu zake walishika majembe bila yeye. Mpaka leo hajakanyaga lango hili."

Mahojiano ya pili hayakuchukua robo saa. Hadiya aliweka daftari la mimba mezani, juu yake akaweka bua kavu la mtama alilolichuma Rusinga. Benta alisimama mlangoni.

"Panya wa nyumbani kwenu hawana mimba, Levis. Wana njaa."

Kijana alilichukua lile bua.

"Sikudanganya kuhusu panya," alisema. "Kila uzito ni wa kweli. Kila mimba niliipapasa kwa vidole hivi. Nilidanganya mahali tu."

"Uliwatoa Ndhiwa."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Mzee wangu aliidharau kazi hii. Alisema mbele ya watu, nimesomesha mtoto akawa daktari wa panya. Tukagombana. Akasema, siku nikifa, baki na panya wako, usije. Akafa." Alilibana bua kiganjani. "Nikakaa na panya wangu. Nilidhani namkomoa. Wiki nzima ya mazishi nilikuwa kwenye miwa ya Ndhiwa, nimelala kwa mwenye shamba."

"Na Februari?"

"Daktari akanituma Rusinga, nyumbani kwetu. Afande, kwetu mtu aliyekosa mazishi haingii langoni kimya. Anaingia akilia, anaenda kaburini kwanza, ndipo afanye lingine. Mimi ningeingiaje na mitego themanini begani? Nitege panya juu ya baba yangu ambaye sijamlilia? Nilifika mpaka darajani mara tatu. Nikarudi Ndhiwa."

"Halafu daktari akasema mimba zako ni ugunduzi."

"Akanishukuru." Levis aliinamisha kichwa. "Hapo ndipo nilipoogopa. Vinasaba vingesema hao wa Rusinga ni ndugu tumbo moja na wa Ndhiwa. Nikaona bora vipotee. Sikujua watamshika Matiko."

"Ulipojua?"

Levis alilirudisha bua mezani.

"Amekaa sakafuni kutwa nzima. Anakuita mwanawe."

Sanduku, Levis alisema, lilikuwa kwenye friji ya mwenye hoteli alipopanga chumba. Barafu alikuwa ameibadilisha mara mbili. Hakuweza kumwaga hata kichupa kimoja.

Benta aliongea kwa mara ya kwanza. "Ungeniambia. Ningetega mwenyewe."

"Ningeanzia wapi, daktari?"

Matiko alitoka seli kabla ya jua kuzama. Alipopita karibu na Levis alisimama, akazitazama pingu zake, akasema, "Sahani yako nitaifunika," akaenda zake.

Kesho yake Levis ndiye angesimama kortini. Lakini jioni hiyo gari la polisi lilivuka daraja tena. Mbele ya lango la akina Levis, Hadiya alimfungua pingu bila neno.

Kijana alisimama hatua moja nje. Kisha akapiga yowe, yowe la mtu aliyefiwa leo, akaingia akikimbia, mikono kichwani, moja kwa moja hadi kaburini. Mama aliacha omena yake, akaja akilia pia, akaanguka kando yake.

Benta alikuwa amebeba mtego mmoja wa bati. Aliuweka chini taratibu, nje ya lango.

Osoro aliangalia saa. "Afande, tutachelewa kuandika ripoti."

"Amechelewa tangu Desemba," alisema Hadiya. "Nusu saa haiwezi kumwongezea kosa."