Pigo Lisilofika

Kila jioni, akishawalisha nguruwe, Jovelyn alinawa mikono na kwenda nyuma ya nyumba kumngoja kaka yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nyumba yao ilikuwa Talisay, pembeni mwa mashamba ya miwa, na kaka yake, Renante, alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja mjini Bacolod. Muhula huo alikuwa na somo la arnis, mchezo wa fimbo wa wazee wao. Akifika nyumbani alitupa mkoba kwenye benchi, akaangua ukutani fimbo mbili za henzirani.

Fimbo zilikuwa za baba. Alizikausha mwenyewe kwa moto mpaka zikawa na rangi ya chai, na pale pa kushikia palikuwa bado na weusi wa jasho la mkono wake. Baba alifariki wakati wa mavuno ya miwa yaliyopita. Tangu hapo hakuna aliyemtaja wakati wa kula.

Kazi ya Jovelyn ilikuwa kutoa mapigo. Katika arnis mmoja hutoa, mwingine hukinga. Mapigo ya msingi ni kumi na mawili, na la mwisho hushuka wima juu ya utosi. Kabla ya kuwapa watoto wake fimbo, baba aliwafundisha sheria moja: anayetoa atoe pigo la kweli. Liwe la polepole ukitaka, lakini lifike. Mwenzako asipokinga, limguse. Usipomgusa, hujamfundisha kitu.

Mwanzoni Jovelyn aliifuata sheria hiyo. Fimbo yake ilimgusa Renante begani, ikamgusa ubavuni. Renante hakupenda. Kila alipoguswa, aliishusha fimbo yake juu ya vidole vya dada yake, haraka, kama mtu anayeua mende.

"Mkono wenye fimbo ndio meno ya nyoka," alimwambia. "Unayang'oa kwanza. Hata hilo hulijui, Mkono wa Uji?"

Jina hilo lilimganda. Alipolia, Renante aliigiza kilio chake kwa pua, tena mbele ya rafiki zake barabarani. Shuleni mwandiko wake ulipinda, na mwalimu alimsimamisha ubaoni aone aibu. Mama alipouliza kwa nini vidole vimevimba, Renante aliwahi kujibu kwamba vilibanwa na mlango wa zizi. Jovelyn akaficha mkono mgongoni. Jioni nyingine ilikuwa inakuja, na mama asingekuwepo pale nyuma ya nyumba.

Siku moja vidole vilimuuma mno, akajikuta amerudi nyuma nusu hatua. Pigo lake likapita hewani, umbali wa kiganja kizima mbele ya uso wa Renante, na fimbo ya Renante, iliyochelewa kama kawaida, ikagonga ncha ya fimbo yake.

"Umeona?" alisema Renante. "Nimelikinga."

Siku hiyo hakumpiga. Kesho yake Jovelyn alisimama palepale pa nusu hatua nyuma, na siku zilizofuata vilevile. Renante alianza kutabasamu. Mara moja alimletea ndizi ya kukaangwa kwa sukari kutoka mjini, na Jovelyn akaila yote.

Lakini macho alikuwa nayo. Pigo la utosi Renante hakujua kabisa kulikinga. Aliinua fimbo kwa kuchelewa, tena mbele ya uso badala ya juu ya kichwa. Kila jioni Jovelyn aliona uwazi ule, mpana kama dirisha. Mwanzoni aliogopa kusema. Baadaye hakutaka kusema. Akikata majani ya nguruwe, aliwaza fimbo ya mtu mwingine ikishuka katika uwazi ule, na panga mkononi mwake likaenda mbio.

Siku moja kabla ya mtihani Renante alishusha fimbo, akamtazama. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na wasiwasi.

"Lile la utosini unalionaje, Inday?" aliuliza, akimwita kama kaka amwitavyo dada mdogo. "Niambie kweli."

Jovelyn alitazama vidole vyake.

"Liko sawa, Manong," alijibu, kwa jina la heshima la kaka mkubwa. "Hakuna fimbo itakayopita."

Mtihani ulifanyika katika uwanja wa chuo wenye paa, na jamaa waliruhusiwa kutazama. Mama alivaa nguo yake nyeusi ya msiba. Mwalimu, mzee mkavu aliyeitwa Maestro Capistrano, alimpa kila mwanafunzi kofia yenye wavu wa chuma usoni. Kwa kuwa mapigo yalikuwa ya kipimo, si ya nguvu zote, aliyejiamini aliweza kuikataa. Renante aliisukuma kando na kusema kwamba mwezi mzima hakuna fimbo iliyomgusa.

"Nani alikuwa anakutolea?" aliuliza Maestro.

"Mdogo wangu wa kike."

Wanafunzi wakacheka. Maestro aliinua mabega, akamwita msichana mfupi aitwaye Marivic. Marivic aliweka fimbo kifuani, akainamisha kichwa, kama desturi inavyotaka, kisha akaanza kutoa. Mapigo yake yalifika. Moja lilimgusa Renante begani, watu wakaguna. Jingine likamgusa gotini, wakacheka. Renante akapandwa na hasira, akaanza kumsogelea. Pigo la mwisho lilipoinuka, aliliendea mwenyewe.

Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kijiko kikigonga sahani. Nyusi ilipasuka, damu ikajaa jichoni, na Renante akapiga magoti.

"Kakinga kwa paji la uso!" mmoja alisema kutoka nyuma. "Mpeni alama zake."

Uwanja mzima ulicheka. Jovelyn naye alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na mama akageuka kumtazama. Pale chini Renante alikuwa akipapasa sakafu, akiitafuta fimbo ya baba asiyoiona.

"Inday," alisema. "Inday, uko wapi?"

Jovelyn akaacha kucheka.

Kwenye zahanati, Renante akishonwa ndani, mama na Jovelyn walikaa kwenye benchi nje. Mama aliuliza mara moja tu kwa nini alicheka, na Jovelyn akasema yote. Mama akauchukua mkono wake, akanyoosha kidole kimoja kimoja. Cha mwisho kilikataa kunyooka. Mama akasimama, akamwingiza Jovelyn ndani, akauinua mkono ule mbele ya jicho moja la Renante lililokuwa wazi.

"Kila alipokuambia kweli ulimpiga," alisema. "Ukabaki na uongo, ukaupenda. Leo umeulipia."

Renante alianza kumlaumu Marivic. Mama akamkatiza, akasema kwamba binti wa watu alifanya alivyofundishwa. Kisha akamgeukia Jovelyn.

"Na wewe usijifanye malaika. Kumwogopa si kosa. Lakini alikuuliza, nawe ukamtuma pale kwa mdomo wako. Mimi nami, mama yako, nilikuwa jikoni, sikutoka kutazama."

Jovelyn alilia, na hakuna aliyembembeleza.

Fimbo zilibaki ukutani mpaka nyuzi za jeraha zilipotolewa. Maestro alikubali Renante arudie mtihani. Jioni ya kwanza ya mazoezi mama alitoa kigoda nje, akakaa akimenya vitunguu saumu. Renante aliweka fimbo kifuani, akamwinamia dada yake. Hakuwahi kumfanyia hivyo kabla.

Jovelyn alisogea mbele nusu hatua. Mapigo yakaenda, na la mwisho likashuka, likamgusa Renante utosini. Fimbo yake ikapanda juu kwa hasira. Vidole vya Jovelyn vikajikunja vyenyewe juu ya mpini. Renante akaviona vikijikunja. Akaishusha fimbo taratibu.

"Tena," alisema.

"Baba yenu ndiye aliyenifundisha," mama alisema bila kuinua macho, na ilikuwa mara ya kwanza kumtaja tangu mazishi. "Alinigusa kila siku, nami sikumlipiza hata mara moja. Anayekugusa kwa kweli nyumbani, anakuepusha na atakayekuvunja nje. Msimpige mtu huyo. Na mkiwa ninyi ndio mnaotoa, msimnyime mwenzenu pigo lake. Endeleeni."

Renante alifaulu, kofia ikiwa kichwani. Nyusi yake imebaki na mstari usioota nywele, na Jovelyn hushika kalamu kidole cha mwisho kikiwa kimepinda. Wakikaa kula, kila mmoja huona alama ya mwenzake.